Jibini Ndani ya Koti

Foleni nzima ya ndege ya Catania kwenda Bergamo ilimwona Venera akipiga magoti. Hakuwa anasali, ingawa ilikuwa wiki ya Pasaka. Alikuwa anashindilia begi ndani ya kile chuma cha kupimia ukubwa wa mabegi, na begi, kama punda aliyegoma, lilikataa katakata. Nyumbani alilipima kwa utepe, likatosha. Lakini mamake, Mama Nunzia, ana mkono mwepesi. Mwanawe alipoingia bafuni tu, alilifungua akaongeza jibini nono lenye umbo la kibuyu. Akina mama wa kusini mwa Italia ndivyo walivyo: mtoto anayefanya kazi kaskazini, kwao ni mtoto anayekufa njaa.

Msichana wa mlango wa kupandia ndege alitaja ada ya begi lisiloingia. Ilikuwa mara tatu ya nauli yenyewe. Venera, mwalimu wa muziki mwenye macho meusi na koti jekundu lililomkaa sawasawa, alihisi machozi ya hasira yakimlengalenga.

"Dada, nipe hilo jibini," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi ana kifuko kidogo tu. Alilitia jibini ndani ya koti lake, akafunga vifungo, akaota kitambi cha ghafla. Watu wakacheka. Begi likaingia.

Waliposhuka Bergamo alimrudishia, likiwa bado na joto la kifua chake.

"Na ada yangu ya mzigo?"

"Kumbe nawe ni walewale," Venera akamtania.

"Kipande kimoja tu, na mtu wa kula naye."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Ettore, maana ndilo jina lake, aliubeba ule kama wake, na moyo wa Venera uliondoka nao. Mapenzi yakanoga. Kila jioni ni simu. Ettore alimtoza ada ya kuchelewa kupokea, Venera naye akamtoza ada ya kumwita laazizi mbele ya wanafunzi. Alipomuuliza kazi yake, alisema ni hesabu, ofisini. Venera hakuchimba zaidi. Aliyependa huwa hachimbi.

Mpaka siku walipoalikwa chakula cha mchana na wenzake Ettore wa kazini. Mmoja wao, divai imeshampanda, alimsifu mbele ya meza nzima: huyu bwana ndiye aliyekipunguza kile chuma vidole viwili, na shirika letu la ndege likaogelea fedha. Venera aliweka uma chini, akatoka nje. Ettore akamfuata.

"Ulinisaidia kuruka mtego ulioutega mwenyewe," Venera alimwambia.

Ettore hakukana. "Zamani ulikuwa unakwenda kwenu mara ngapi, mpenzi? Mara moja kwa mwaka, kwa treni, kutwa kucha. Sasa unakwenda kila ukimtamani mama yako, kwa bei ya pizza mbili. Unadhani nani anakulipia? Ni hao wenye mabegi makubwa."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimuuma zaidi.

"Bei nitalipa," Venera akasema. "Nitajie mapema, niamue. Lakini unamngoja mtu mlangoni, hana pa kurudi, ndege inanguruma, ndipo umtajie? Hiyo si bei, Ettore. Huko ni kuvizia. Nami siwezi kuishi na mtu anayevizia."

Tangu siku hiyo hakupokea simu yake. Alilia, akafundisha, akalia tena.

Februari alirudi kwao kwa sikukuu ya Mtakatifu Agata. Mji umejaa mishumaa na fataki, yeye macho yamevimba. Kengele ya mlango ikalia: Ettore, maua mkononi, begi begani, kola imekaa upande. Venera akajifungia chumbani. Alipochungulia, aliona mama yake anamwongezea mgeni chakula tu. Ettore alipokwisha kuondoka, Venera alimuuliza mamake walizungumza nini.

"Tuzungumze nini, mwanangu? Kijana alikuwa na njaa."

Kesho yake, balaa, wakawa ndege moja. Venera alijificha mkiani mwa foleni. Akamwona Ettore, mtu aliyekijua kile chuma kuliko kiganja chake, akiweka begi lake. Likakataa. Akalisukuma. Likakataa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipolifungua, chini ya shati palilala chupa ya mabiringanya ya siki, biskuti za ufuta na jibini la kibuyu, vimefungwa kwa kitambaa cha jikoni cha Mama Nunzia.

"Sikuweka mimi," Ettore alisema, kama wasemavyo abiria wote. Msichana wa mlangoni akamtajia ada.

Venera alishika mdomo. Mama yake hamfungii mgeni begi. Hata shemeji yake, mume wa dada yake, alingoja miaka kabla ya kupewa chupa ya zeituni. Basi mama ameshaamua.

Ettore alikitazama kile chuma, kisha akamwona. Masikio yakamwiva.

"Venera, haki ilikuwa yako. Nimeviziwa."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe." Watu walikuwa wanasikiliza, hakujali. "Nikifika ofisini nitawaambia kila ada itajwe pamoja na nauli, tangu mwanzo. Wasipotaka, watafute mtu mwingine."

Akatoa kadi ili alipe. Venera akamshika mkono. Alilichukua jibini, akalitia ndani ya koti jekundu, akafunga vifungo kimoja kimoja. Bibi mmoja kwenye foleni akamwombea uzazi mwema.

"Na ada yako?" Ettore aliuliza.

"Yangu naitaja mapema, usije ukasema nimekuvizia. Unioe. Kila Pasaka tuje huku, na kila tukiondoka mama atakufungia begi lisiloingia popote. Haipungui hata senti."

"Nalipa," alisema Ettore.

Na begi likaingia.