Kompyuta Iliyokatazwa Mtandao

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, jambo hili lilitokea Dongobesh, na aliyetendewa bado yupo. Nalisimulia kwa ruhusa yake, maana yeye mwenyewe alisema lisifichwe.

Zita Margwe alikuwa na steshenari ya chumba kimoja karibu na soko. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umekaa barabarani, alifagia mbele ya mlango, akachemsha chai, akawasha kompyuta yake ya mezani iliyochukua muda mrefu kuamka. Wateja walikaa kwenye benchi wakisubiri, wakiulizana habari za mvua na bei ya vitunguu saumu. Hawakuwa na haraka. Walimjua Zita na walimwamini.

Tena alikuwa na desturi nzuri. Mtu akileta cheti cha kuzaliwa au karatasi ya shamba kutoa kopi, Zita alimuuliza, "Nikutunzie na kwenye mashine?" Wengi walikubali. Hivyo ile kompyuta kuukuu ilibeba karatasi za watu wa Daudi, Nambis, Bashay na kwingineko, miaka tisa mizima.

Mumewe, Yohanes, alikuwa mkulima. Msimu ule vitunguu saumu vilimwendea vizuri, akamwambia mkewe, "Mama Hilda, mashine yako imechoka. Tafuta nyingine."

Basi habari zikatembea kwamba Zita anatafuta kompyuta. Haikupita wiki, mwanamume mmoja akasimamisha gari dogo mbele ya duka. Alijitambulisha kwa jina la Hilary, akasema anatoka Arusha. Alikuwa nadhifu, mpole wa maneno, na mikononi alibeba kitu kilichofungwa kwenye blanketi.

Alipokifungua, Zita alisogea karibu. Ilikuwa kompyuta ya aina nyingine kabisa, ile ambayo kioo na mashine ni kitu kimoja, nyembamba, ya rangi ya fedha, nyaya zake hazizidi mbili. Kioo kilikuwa kikubwa kama dirisha la chumba chake.

"Hii haitumii Windows," Hilary alisema. "Ina mfumo wake. Wanaotumia hizi ni watu wa maofisi makubwa."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na steshenari nyingine, ya Nurdin. Alivuka kuja kuangalia, akasalimia, kisha akamuuliza Zita kwa sauti ya chini, "Dada, umeuliza kama printa yako inaelewana na hii? Na risiti yake iko wapi? Mbona inapowaka inaonyesha jina la mtu mwingine?"

Kweli, kioo kilipowaka yalitokea majina mawili. Moja lilikuwa "Mteja". La pili lilikuwa "Sikuzani".

"Hilo ni jina la duka lililoiagiza," Hilary alijibu upesi. "Usilifungue, utaharibu mipangilio. Na jambo moja, dada. Usiiunganishe na mtandao kwa mwezi mzima, mpaka nije kukamilisha leseni."

Zita alimtazama Nurdin, akaona mtu anayeogopa kupoteza wateja. Akasema, watu wakisikia, "Kaka Nurdin, kila mtu aangalie duka lake." Nurdin alirudi kwake.

Hilary alihamisha mafaili yote, akapokea fedha, akachukua na ile kompyuta kuukuu kama sehemu ya bei. Hakuandika kitu chochote. Ndugu msomaji, pima mwenyewe: mtu anakuuzia kitu, halafu anakukataza kukiunganisha na mtandao. Ungeuliza kwa nini? Zita hakuuliza.

Taabu ilianza siku ile ile. Printa haikuitambua mashine mpya. Barua alizoziandika zamani zilifunguka maneno yakiwa yamesogea. Programu ya kutengeneza kadi za harusi haikuwepo, wala hakujua ya kufanana nayo ni ipi. Alimpigia Hilary, naye akasema atakuja na programu ya printa. Siku mbili Zita aliwaambia wateja warudi kesho.

Siku ya tatu, Jumatatu, akaingia Bibi Paskalina wa Nambis, mjane wa marehemu Bura. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua ile karatasi yangu."

Zita aliikumbuka. Ilikuwa karatasi ya wosia, ambamo marehemu Bura aliandikisha mbele ya mashahidi kwamba shamba la mtoni ni la mkewe. Bibi Paskalina alikuwa ameileta kutoa kopi miaka miwili nyuma.

"Ile yenyewe iliungua na nyumba ya jikoni," bibi alisema. "Sasa shemeji yangu anasema shamba ni lake. Baraza la ardhi limetuita Mbulu Alhamisi hii. Katika mashahidi amebaki mzee Yonas peke yake, na anasema akiiona sahihi yake ataitambua. Wewe uliitunza, sivyo?"

"Imo, bibi. Kaa hapo."

Wosia ulikuwemo. Zita aliufungua, bibi akaona alama ya dole gumba la marehemu mumewe kwenye kioo, akashika mdomo. Lakini printa ilikuwa bado imekataa. Zita angeweza kuiweka karatasi kwenye fleshi na kuvuka barabara hadi kwa Nurdin, dakika tano tu. Aliona aibu. Akawaza kwamba programu ya printa inapatikana mtandaoni. Akawasha bando la simu, akaiunganisha kompyuta.

Dakika mbili zilipita. Kisha kioo kikawa cheusi, na mashine ikajiwasha upya yenyewe. Ilipowaka hapakuwa na majina mawili tena. Palikuwa na visanduku sita vitupu vya kuingizia namba, na juu yake maneno haya: "Kompyuta hii iliibwa Katesh baada ya maporomoko ya tope. Ndani mna picha za watu waliotutoka. Tafadhali piga simu." Chini yake ilikuwa namba ya simu.

Zita alisoma mara mbili. Aligeuza kioo kielekee ukutani.

"Imekuwaje?" bibi aliuliza.

"Umeme, bibi. Njoo keshokutwa."

Alimpigia Hilary. Simu yake haikupatikana. Alipiga tena na tena mpaka simu ikaishiwa chaji. Alifunika mashine kwa kitenge, akakaa mbele yake kama mtu anayelinda maiti.

Saa nane mchana mlango ulitiwa kivuli. Alikuwa askari polisi, ameshika kitambulisho.

"Habari za kazi, mama. Nataka kopi mbili."

Mashine ya kopi ilikuwa nzima, lakini Zita aliweka kitambulisho kinyume mara mbili. Askari alitazama kile kitenge.

"Hiyo inaumwa?"

"Ndiyo, afande. Imeharibika."

"Pole." Akachukua kopi zake, akaondoka. Zita alifunga duka na kwenda nyumbani. Kila pikipiki iliyosikika nyuma yake alidhani imekuja kumchukua.

Siku iliyofuata hakufungua duka. Chakula kilimshinda. Yohanes alidhani ni malaria, akataka kumpeleka zahanati, ndipo Zita akamweleza kila kitu. Yohanes alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi asijue mtu. Tutaifukia shambani. Nitachimba shimo refu kati ya matuta ya vitunguu." Alikwishasimama, jembe mkononi. "Mama Hilda, watasema sisi ndio tuliiba. Watu walikuwa wanazika ndugu zao, sisi tunaonekana tumebeba mali zao. Nani ataleta mtoto wake acheze na mtoto wetu?"

Zita alikuwa amewaza hayo hayo. Shimo lilimvutia. Kwa muda alijiona ameshafukia, amenawa mikono, ameanza upya. Kisha akamwona Bibi Paskalina amesimama mbele ya baraza mikono mitupu, shemeji yake akicheka.

"Karatasi ya bibi imo humo," alisema. "Tukifukia hii, tumemfukia na yeye."

Yohanes aliliweka jembe chini. Zita alichukua simu, akapiga ile namba.

"Hallo," ilijibu sauti ya mwanamke.

"Dada, naitwa Zita Margwe, niko Dongobesh. Kompyuta yako ninayo. Niliinunua. Sikujua. Na humo ndani mna karatasi ya bibi mmoja anayoihitaji sana."

"Mimi ni Sikuzani," yule mwanamke akasema. "Nina studio ya picha Katesh. Ilipoibwa niliitumia amri ya kujifunga pindi ikiunganishwa na mtandao, na nimeingoja simu hii miezi minane. Niambie, lile jina langu ulilikuta?"

"Nililikuta. Sikulifungua."

Sikuzani alianza kulia, naye Zita akalia. Walipotulia, Sikuzani alisema, "Usiiguse tena. Nenda polisi wewe mwenyewe, leo. Kesho asubuhi nitakuja. Ukinidanganya, dada, sitakuwa na huruma."

Zita aliyeogopa kivuli cha askari ikambidi aingie kituoni kwa miguu yake. Kabla ya kwenda alivuka barabara. Hakujua ataanzaje, kwa hiyo alisema tu, "Kaka Nurdin, ulikuwa sahihi, na mimi nilikutukana. Naomba uje useme ulichokiona." Nurdin alifunga duka lake saa ile ile.

Kituoni hakupigwa wala kutukanwa, lakini alihojiwa mchana kutwa. Risiti iko wapi? Hakuna. Hati ya mauziano? Hakuna. Namba ya gari? Hakuiangalia. Kila alipojibu "sina" alisikia kalamu ikiandika, na alijua kwamba kwenye karatasi ile anaonekana mwizi. Bila Nurdin kueleza jinsi Hilary alivyoshusha mashine mchana kweupe, angelala mahabusu. Askari waliifuata mashine dukani, naye akaachiwa kwa dhamana na kuamriwa arudi kesho.

Jumatano Sikuzani alifika kituoni, mwanamke mfupi mwenye ushungi mweusi, amebeba boksi la kompyuta lenye namba ya mashine na risiti ya dukani. Afande aliyemhoji Zita alilinganisha namba, zikawa zile zile. Sikuzani akaingiza tarakimu sita, mashine ikafunguka. Akabofya jina lake.

Picha zikajaa kioo. Bwana harusi aliyevaa suti kubwa kuliko yeye. Watoto watatu wa kipaimara. Bibi mmoja na mbuzi wake. Sikuzani alizipitia polepole, akitaja majina, na kwa baadhi yao aliongeza, "Huyu hatunaye." Afande alivua kofia.

"Kuna familia zisizo na picha nyingine ya mtu wao ila hii," Sikuzani alisema. Kisha akamgeukia Zita. "Na wewe, ulisema kuna karatasi ya bibi."

Kwa ruhusa ya afande waliuhamishia wosia kwenye fleshi, pamoja na mafaili yote ya wateja. Bibi Paskalina alipofika kuchukua karatasi yake, ilichapishwa kwa Nurdin. Alhamisi mzee Yonas aliitazama sahihi yake mbele ya baraza, akasema, "Hii ni yangu, na Bura alikuwa amekaa kulia kwangu." Shamba la mtoni likabaki kwa bibi.

Lakini Zita hakutoka mzima. Kompyuta ilirudi kwa mwenyewe. Fedha za vitunguu zilipotea, na kwa miezi minne alikwenda kuripoti kituoni kila Jumatatu, watu wakimtazama. Hilary hajapatikana hadi leo. Wala ile kompyuta kuukuu haijapatikana, na ndani yake mna vyeti na karatasi za mashamba za watu ambao hawajui ziko mikononi mwa nani. Zita aliona hana haki ya kunyamaza. Alikwenda Daudi, Nambis, Bashay, nyumba kwa nyumba, akiwaambia, "Karatasi yako nimeiachia mtu nisiyemjua. Nisamehe, na uwe macho mtu akija na kopi yake." Wengine walimkaribisha chai. Wengine walimfungia mlango.

Siku hizi anaandika kwenye kompyuta ya kawaida aliyoinunua dukani Babati. Nurdin alikwenda naye, wakabeba na printa ili waijaribu hapo hapo kabla ya kulipa.

FUNZO

Ndugu zangu, kubadili aina ya kompyuta si kosa. Kosa ni kubadili kwa sababu ya uzuri wa kioo. Kabla hujanunua, jiulize kazi yako ni ipi, na kama programu zako, mafaili yako na printa yako vitaelewana na mfumo mpya. Jaribu kwa macho yako.

Ukinunua iliyotumika, dai risiti na maandishi yenye jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, na ulinganishe namba ya mashine. Iunganishe na mtandao mbele yake. Ikiwa na jina la mtu mwingine, au muuzaji akikupa masharti ya ajabu, mwache aende nayo. Ile ya zamani usimpe mtu ikiwa na siri za watu ndani, wala usiiachie mpaka umehakikisha mpya inafanya kazi, na nakala ya kila kitu umeiweka pengine.

Na ikiwa umeshakosea, usichimbe shimo. Sema mapema. Hofu ya Zita ilikuwa kubwa zaidi siku alizonyamaza kuliko siku aliyoingia kituoni.