Mkutano Ambao Redio Haikuutaja

Miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kujaa Masasi, na redio mpya zikaanza kuimba kila nyumba, palikuwa na mama mmoja pale Chiungutwa. Jina lake Winfrida, lakini watu walimwita Mama Witness. Alfajiri, ukungu ulipofunika mikorosho, alipita ndani yake na jembe begani kama mtu atembeaye usingizini. Miti ilimjia mmoja mmoja, ikapita, ikapotea. Aliipenda saa hiyo.

Lakini mwaka huo moyo wake haukutulia. Mavuno yaliyopita yalikuwa haba. Ghalani ilibaki mbegu ya mahindi ya kupanda mara moja tu. Ikifa hiyo, watoto watakula nini?

Siku moja wakulima walikutana kwenye uwanja wa kanisa. Walikuja hata kutoka Newala na Tandahimba, Waislamu kwa Wakristo, wengine kwa baiskeli. Kila mmoja alieleza mvua za kwao. Mwisho alisimama jirani yake Winfrida, Mama Priska, kiongozi wa kikundi cha akina mama.

"Wote tumesema jambo moja," alisema. "Mvua ya kwanza siku hizi inabisha hodi, halafu haiingii. Hali ya hewa imebadilika. Basi tungoje mvua ya pili. Chimba shimo hadi kiwiko. Udongo ukiwa na unyevu mpaka chini, panda. Usipande mbegu yote siku moja. Na majani msiyachome, yafunike udongo."

Mwandishi wa habari alikuwa amealikwa kutoka mjini. Hakuonekana.

Jioni Filemoni, mume wa Winfrida, alifungua redio. Ilitangaza mkutano mkubwa wa hali ya hewa uliofanyika hotelini, mbali huko. Wageni walitajwa, na hotuba zao. Chiungutwa haikutajwa.

"Mama Witness, mbona hamsikiki?" Filemoni alicheka. "Au mlikwenda kusukana nywele?"

"Baba Witness, watu wamekuja hata kutoka Newala."

"Basi redio ingesema. Jambo la maana hutangazwa."

Winfrida akaenda zake jikoni, asimweleze waliyokubaliana. Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa amebeba maneno ya watu wa wilaya tatu, akayatua chini kwa sababu kisanduku cha betri hakikuyasema.

Mvua ya kwanza ikaja. Filemoni akachoma majani, akapanda mbegu yote, kama baba yake alivyofanya. Miche ikachomoza, kijani, laini, shamba zima likawa kama limetandikwa mkeka mpya. Kisha mvua ikaenda zake.

Mchana mmoja Winfrida alisimama katikati ya shamba, macho mazito kwa joto. Akaona miche inajing'oa, inashika njia ya Masasi kwa mstari, polepole, bila kugeuka nyuma. Alipopangusa macho, ilikuwa palepale, imekauka.

"Twende kwa Mama Priska," alimwambia mumewe.

Wakaenda.

"Shikamoo, Mama Priska," alisema Filemoni.

"Marahaba, Baba Witness. Redio imesemaje leo?"

Filemoni akatazama chini. "Imesema nije kwako."

Mama Priska akacheka mpaka akakaa. Akaingia ndani, akatoka na mbegu kwenye ungo.

"Sikilizeni, wanangu. Mkutano hauwi wa kweli kwa kutangazwa. Unakuwa wa kweli mkiufanyia kazi. Habari hii tuipeleke wenyewe, kanisani, msikitini, kisimani, kwenye foleni ya kuuza korosho. Na redioni tuende pia, tuwadai waitangaze."

"Tuwadai wakati sisi tumeshajua?" aliuliza Winfrida.

"Yuko mama mwenzako mbali huko, leo anamwaga mbegu yake ya mwisho kwenye vumbi. Yule sisi hatumfikii. Redio inamfikia."

Winfrida alirudi nyumbani na neno hilo, likamkaa moyoni.

Mvua ya pili ilipokuja, walichimba hadi kiwiko, wakapanda kwa mafungu. Filemoni akapanda baiskeli yake, nyumba hadi nyumba, akieleza. Watoto wakampa jina.

"Redio imefika," walisema wakimwona.

"Nimefika. Izimeni hiyo nyingine."

Akina mama nao walikwenda mjini, Winfrida akiwa mbele. Wakakaa kwenye benchi la ofisi ya redio, hawakuondoka mpaka walipopokelewa.

Mahindi yalikomaa. Hayakujaza ghala, lakini watoto walishiba. Wakulima wakakutana tena, na safari hii uwanja haukutosha. Mwandishi alikuja, kijana anayeitwa Cuthbert, kalamu mkononi.

"Mgeni rasmi ni nani?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Winfrida akasimama.

"Ni wewe, baba. Umechelewa sana. Kaa ule hindi, kisha uandike."