Chiriku na Printa Isiyotoa Karatasi

Chiriku alikuwa ameshazoea kuamka kabla ya kuamshwa. Alitandika kitanda, akafagia sebule, akabandika birika jikoni, akampelekea babu yake maji ya uvuguvugu ya kunawia uso. Kisha alikaa mezani akanywa chai bila kujali kama ni tamu au chungu. Asubuhi moja baba yake alionja kikombe kile akakunja uso.

"Mwanangu, hii umetia chumvi!"

Chiriku alikitazama kikombe. Alikuwa ameshakinywa nusu.

Jina hilo la Chiriku alipewa na babu yake alipokuwa mdogo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki. Alikuwa akiuliza maswali tangu anafumbua macho hadi anasinzia na kijiko mkononi. Watu waliendelea kumwita hivyo, ingawa tangu mama yake afariki mwanzoni mwa mwaka, maneno yalikuwa yamemwisha. Hakulia sana. Majirani walimsifu kwa hilo. "Mtoto jasiri huyu," walisema. Yeye hakujiona jasiri. Alijiona kama mguu uliokaliwa hadi ukaingia ganzi: upo, lakini hata ukifinywa hausikii.

Katika siku hizo aligundua kwamba watu wazima wakiuliza jambo, kuna neno moja linalowaridhisha haraka wakaenda zao. Umeoga? Tayari. Umefanya kazi za shule? Tayari. Umekula? Tayari. Mara nyingi lilikuwa neno la kweli. Mara nyingine halikuwa, na hakuna aliyefuatilia.

Jumamosi moja baba yake aliingia na boksi kubwa akaliweka juu ya meza. Baba alikuwa fundi wa majokofu, na hata nguo zake za kutokea zilikuwa na doa la grisi mahali fulani.

"Printa hiyo," alisema akibandua utepe wa boksi. "Haitaki waya wa kompyuta. Inatumia waifai. Utaprinti kazi zako za shule, lakini kwanza kabisa tuprinti ratiba ya dawa za babu yako."

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Zamani alikuwa kinyozi, mpaka macho yalipopungua. "Niliacha kazi siku niliyomnyoa mteja sikio," alikuwa akipenda kusema. "Nilidhani ni nywele, mbona zinapiga kelele?" Sasa alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na wiki ile daktari alikuwa amembadilishia dawa. Kidonge cheupe cha zamani alitakiwa akiache, ameze cha njano badala yake. Shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa muuguzi katika zahanati, alikuwa ameandika ratiba yote kwa herufi kubwa kama za bango la dukani, akaituma kwenye kompyuta ya baba.

"Herufi hizo hata mimi nitaziona," alisema Babu. "Nikishindwa, basi mnizike."

Baba hakucheka. Chiriku naye hakucheka. Babu akakohoa, akageukia dirisha.

Kabla baba hajamaliza kuitoa printa kwenye boksi, simu yake iliita. Jokofu la bucha moja lilikuwa limezima, na nyama yote ilikuwa ndani. Baba alichukua mkoba wake wa vifaa.

"Mama, wewe unaziweza mashine hizi," alimwambia binti yake. "Iunganishe na waifai, uprinti ratiba, uibandike jikoni pale juu ya meza ya dawa. Ukikwama, nipigie."

"Sawa, Baba."

Chiriku alifuata kijitabu cha maelekezo. Alibandua vipande vya utepe vilivyozuia mifuniko isifunguke njiani. Aliweka wino, akausikia ukigota mahali pake. Alipanga karatasi kwenye trei, akachomeka waya wa umeme. Kioo kidogo cha printa kiliwaka na kumletea orodha ya mitandao iliyo karibu. Ya nyumbani kwao ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa familia, ndio uliotumiwa na kompyuta. Wa pili ulikuwa wa wageni. Kisanduku cha waifai kilikuwa kimoja, lakini baba alikuwa ameigawa mitandao hiyo ili wageni wapate intaneti bila kuweza kufikia vitu vya ndani.

Neno la siri la mtandao wa familia lilikuwa limebandikwa chini ya kisanduku cha waifai, nyuma ya kabati. Ilibidi kabati lisogezwe. Chiriku alilitazama, mwili ukakataa. Neno la siri la wageni alilijua kwa kichwa. Wakati wa msiba alikuwa amewatajia watu wengi sana, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamekaa sebuleni na simu zao. Akaliandika hilo. Printa ikakubali, taa yake ndogo ya buluu ikatulia.

Akafungua ratiba kwenye kompyuta, akabonyeza mahali pa kuchapisha. Kompyuta ilifikiri kidogo, kisha ikaandika: *Printa haipatikani.* Akajaribu tena na tena. *Printa haipatikani.* Aliitazama printa. Ilikuwa pale pale, mezani, karibu na kiwiko chake.

Kijitabu kilikuwa na ukurasa mzima wenye kichwa kisemacho "Kompyuta isipoiona printa". Chiriku alisoma mstari wa kwanza, akakifunga. Hakukasirika. Hakusikitika. Alikaa tu akiitazama ile taa ya buluu, na mchana ukasogea.

Simu iliita. Alikuwa baba, na nyuma yake zilisikika nyundo na sauti za watu.

"Vipi, printa imekubali?"

"Tayari."

"Ratiba je?"

"Tayari."

"Umeshaibandika?"

Chiriku aliutazama ukuta wa jikoni kupitia mlangoni. Ulikuwa mtupu. "Tayari, Baba."

"Ahsante sana, mama. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Alisema moyoni kwamba atajaribu tena baadaye. Kisha akaosha vyombo, akaanua nguo, akazikunja. Hiyo "baadaye" haikufika.

Baada ya chakula cha mchana Babu aliita kutoka jikoni. "Bibie!"

"Abee, Babu."

"Hiki cheupe bado nakimeza au ndicho nilichoambiwa nikiache? Kichwa changu siku hizi ni chekeche."

Kompyuta ilikuwa wazi mbele ya Chiriku. Ratiba ilikuwa pale kwenye kioo. Kilichotakiwa ni kuinua macho tu asome. Lakini alikuwa anakunja shati, na akajibu kama alivyozoea kujibu.

"Meza tu, Babu."

"Na cha njano?"

"Ndiyo, Babu."

Muda si mrefu alisikia kishindo uani. Alipotoka, Babu alikuwa chini kando ya karo, mkono mmoja bado umeshika kamba ya nguo aliyoanguka nayo. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Dunia inazunguka," alisema kwa sauti ndogo. "Iambie isimame kidogo."

Chiriku alimpigia shangazi yake. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikiwa imetulia, kama inasoma tangazo. "Shangazi, Babu ameanguka. Yuko macho. Anasema anasikia kizunguzungu." Shangazi alimwambia amlaze, amwinulie miguu, asimpe kitu chochote cha kumeza. Alifanya hivyo. Gari alilotuma Shangazi lilipofika, alipanda pamoja na Babu, akamshika mkono njia nzima.

Katika zahanati ya Shangazi, Babu alilazwa kitandani, akapimwa. Baba alifika mbio, mikono ikiwa bado myeusi. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliwatazama wote.

"Shinikizo lake limeshuka mno. Inaelekea amemeza dawa ya zamani pamoja na mpya. Nani anamsimamia dawa nyumbani?"

"Ratiba tumeibandika jikoni, daktari," alisema baba. "Kwa herufi kubwa. Binti yangu ameichapisha leo leo." Akamgeukia baba yake. "Mzee, hukuitazama?"

Babu alifumba macho. "Labda sikuiona. Si unajua macho yangu."

Chiriku alimtazama Babu akiibeba lawama ile, akiwa amelala na sindano mkononi. Ingekuwa rahisi kuiacha hapo hapo. Wote wangeamini. Wangemhurumia Babu kwa macho yake, wangerudi nyumbani, naye angewahi kuibandika kabla baba hajaingia jikoni. Alilijua hilo lote. Bado hakusikia chochote kifuani, si hofu wala aibu. Lakini alijua kwamba daktari alikuwa anaandika kitu kisicho kweli.

"Haipo," alisema.

"Nini haipo?" aliuliza Shangazi, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda.

"Ratiba. Haipo ukutani. Printa haikutoa karatasi. Babu aliniuliza nikamwambia ameze zote mbili. Sikusoma. Nilijibu tu."

Daktari aliacha kuandika. "Zote mbili, una hakika?"

"Ndiyo. Cheupe na cha njano, baada ya chakula cha mchana."

"Vizuri umesema. Sasa najua ninachokitibu." Daktari akatoka kumwita muuguzi wa zamu.

Baba alisogea hadi ukutani. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono yake yenye grisi juu ya magoti. Chiriku alisubiri agombezwe, lakini baba alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipomwona.

Babu alilala zahanati usiku ule. Asubuhi iliyofuata walimrudisha nyumbani, akitembea mwenyewe na kulalamika kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na nywele mbaya. "Ningekuwa na wembe wangu, angetoka pale kijana."

Walipomkalisha kwenye kiti chake, Shangazi aliitazama printa mezani. "Haya, tuone ugonjwa wa huyu naye. Chiriku, nieleze ulichofanya. Usiruke kitu."

Chiriku alieleza. Alipofika kwenye neno la siri la wageni, baba aliinua kichwa.

"Hapo hapo," alisema. "Kompyuta iko kwenye mtandao wa familia, printa umeiweka kwa wageni. Niliigawa mimi mwenyewe hiyo mitandao. Hata zikiwa meza moja, haziwezi kuonana."

"Nililijua neno la wageni tu. Lile jingine liko nyuma ya kabati."

"Na kwa nini hukunipigia?"

Chiriku alifikiri. Lilikuwa swali gumu kuliko alivyotegemea. "Sikuwa na nguvu za kulisogeza," alisema mwishowe. "Wala za kupiga simu. Siku hizi sina nguvu za chochote, Baba."

Baba na Shangazi walitazamana. Kisha baba akainuka, akashika upande mmoja wa kabati. "Shika huko," alimwambia Chiriku. Walilisogeza pamoja, miguu ya kabati ikalia sakafuni hadi Babu akaziba masikio. Chiriku alilala kifudifudi akasoma herufi chini ya kisanduku, moja moja, na Shangazi akaziandika kwenye kioo cha printa. Mara ya kwanza ilikataa, kwa sababu herufi moja ilikuwa kubwa nao wakaandika ndogo. Mara ya pili ikakubali. Chiriku alirudi kwenye kompyuta, akabonyeza.

Printa ilinguruma, ikavuta karatasi, ikaanza kuitema polepole. Kabla hawajaichukua, ya pili ikafuata.

"Jana ulituma mara ngapi?" aliuliza Shangazi.

"Nyingi," alisema Chiriku, na karatasi ya tatu ikatoka.

"Basi mkabandike na chooni," alisema Babu.

Chiriku alimpelekea moja. Babu aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasoma kwa sauti: "Mchana, baada ya chakula, kidonge cha njano. Kidonge cheupe, usimeze tena." Akaishusha. "Hata kipofu angeisoma hii. Shangazi yako ameandika kana kwamba ananigombeza."

Baba na Chiriku waliibandika jikoni. Baba alibonyeza kila pembe ya utepe kwa kidole gumba, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Njoo hapa, mama. Nikikuta jokofu bovu, mwenye nyumba akaniambia limeharibika, nalifungua natafuta. Lakini mteja akiniambia ni zima, nifanye nini? Nafunga mkoba wangu naondoka. Siyo kwamba sina ujuzi. Amenifungia mlango. Wewe uliponiambia 'tayari', ulinifungia mlango, na babu yako akabaki ndani peke yake. Kushindwa kuunganisha printa si kosa. Kuchoka si kosa. Kosa ni kusema limekwisha jambo ambalo bado. Ukikwama, sema umekwama. Sema mapema, hata kama ni jambo dogo."

"Ndiyo, Baba."

"Na jana zahanati ulisema kweli wakati ungeweza kunyamaza. Hilo nimeliona."

Chiriku alisimama akichezea kipande cha utepe kilichobaki mkononi. Kutoka sebuleni walisikia Shangazi akizihesabu karatasi na Babu akimkosoa.

"Baba," alisema, "mimi siko sawa. Tangu mama."

Baba alimvuta karibu. Shati lake lilinuka sabuni na grisi, na Chiriku aliisikia harufu ile vizuri kabisa.

"Hata mimi siko sawa, mwanangu," alisema baba. "Kaa. Tuzungumze."