Gauni Lililozidi Kuwa Refu

Asubuhi ya nyumba ile ilianza na mlio wa cherehani. Chai ilikuwa bado haijachemka, lakini Fundi alishakaa kitambo, mguu kwenye kanyagio, macho mekundu kwa usingizi. Fundi ndilo jina aliloitwa na mtaa mzima. Sare za shule zilirundikana mbele yake hadi dirishani. Mumewe alikuwa kazini, mbali. Watoto walikuwa wanagombania sabuni. Na Mama, mama yake mzazi, alikuwa hajatoka chumbani.

"Mama, umeamka?"

"Mimi nimeamka. Mgongo ndio bado umelala."

Watoto walimwita Bibi. Yeye ndiye aliyemfundisha Fundi kushika mkasi. Zamani alikuwa mwanamke mrefu, akipita mlangoni anainamisha kichwa. Sasa alipita bila kuinama, maana alikuwa ameinama tayari. Mgongo ulipinda kama mpini wa mwavuli.

Hapo nyumbani hakuna aliyeshangaa. Hali hiyo walikuwa na jina lake kabisa: mgongo wa cherehani. Mama yake Bibi alikuwa nao, naye alikuwa mshonaji. Shangazi alikuwa nao, naye alikuwa mshonaji. Ukiinama kazini miaka nenda rudi, utanyooka vipi?

Na dawa yake waliijua. Jioni Bibi alilala kifudifudi mkekani. Mjukuu wa mwisho alipanda juu yake, akashika ukuta, akatembea mgongoni mwake kwa miguu mitupu.

"Kanyaga hapo. Hapo hapo. Usinionee huruma!"

"Bibi, unalia?"

"Silii. Napumua."

Mwaka uliopita Bibi aliteleza sebuleni. Alikanyaga kipande cha kitambaa kilichoanguka chini ya meza. Lilikuwa anguko dogo, hata kikombe alichoshika hakikupasuka. Lakini kifundo cha mkono kilivunjika. Daktari aliyemfunga plasta alisema, "Mkono ukipona, mrudisheni. Huyu apimwe mifupa."

Mkono ulipona. Hawakurudi. Kwenda hospitali ni siku nzima, na Fundi siku nzima hakuwa nayo. Alikuwa amechoka. Alichoka akilala, akachoka akiamka. Akajiambia kwamba mkono umeshapona, basi yamekwisha.

Siku moja mchana, nesi wa jirani alikuja kuchukua sare yake mpya. Alimkuta Fundi ana gauni mapajani, la maua ya zambarau. Anakata upindo.

"Hodi, Fundi. Sare yangu tayari, au bado ni kesho ile ile ya mafundi?"

"Karibu, dada. Leo usinitukane, iko tayari. Keti nimalizie hili la Mama. Linaburuzika chini, jana nusura limwangushe."

Nesi alikaa. Akalitazama lile gauni. Kisha akalitazama furushi la sare yake. Lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa kitambaa, nacho kilikuwa na maua ya zambarau.

"Hii kamba umeitoa wapi?"

"Hapo hapo kwenye gauni. Nilipolipunguza mara ya kwanza."

"Na mara ya pili?"

Fundi akaonyesha kwa mkasi. Ukanda mwingine ulifunga gunia la vibaki vya vitambaa. "Kitambaa hiki kibaya sana," alisema. "Kinalegea kila mwaka. Nilimwambia Mama asikinunue."

"Mabega yamelegea?"

"Hapana."

"Mikono imerefuka?"

Fundi alinyoosha mkono wa gauni, akaupima kwa futi yake ya shingoni. Mkono ulikuwa vilevile.

"Fundi," alisema nesi polepole, "wewe ni mshonaji kuliko mimi. Kitambaa gani kinalegea chini tu, juu kikabaki?"

Nesi alifungua ukanda wa furushi. Fundi akafungua ule wa gunia. Wakaziweka kanda hizo mezani pamoja na kile kipande kipya, upande kwa upande. Kwa pamoja zilifika upana wa kiganja.

"Gauni halijarefuka," alisema nesi. "Mama ndiye aliyepungua."

"Si mgongo wa cherehani?"

"Kuinama kazini kunachosha mgongo. Hakumpunguzi mtu kiganja kizima. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa kama bilauri moja juu ya nyingine. Mifupa ikipoteza uimara, ndani inabaki matundumatundu kama mkate ulioumuka. Pingili zinabonyea, mtu anafupika na kupinda. Ugonjwa huo unaitwa osteoporosisi. Hausemi chochote mpaka kitu kivunjike. Na Mama alishavunjika mkono."

"Alianguka, dada."

"Aliangukia sebuleni, akiwa wima, kikombe mkononi. Mfupa mzima hauvunjiki kwa anguko la namna hiyo. Ule mkono ulikuwa unawaambieni kitu."

Wakati huo mjukuu aliingia na kuuliza kama ni saa ya kumkanyaga Bibi. Nesi aligeuka.

"Kumkanyaga?"

Wakamweleza. Nesi akashika kifua. "Acheni leo. Acheni sasa hivi! Mnakanyaga pingili zilizochoka. Mnaweza kuzivunja. Mpelekeni kwanza hospitali akapimwe mifupa."

Fundi aliweka mkasi chini.

Bibi alikuwa amesikia yote kupitia mlango. Alitoka, mkono kiunoni.

"Siendi kupimwa popote. Mifupa ni yangu, nimeizoea."

"Mama..."

"Mama nini? Uzee wangu mnataka kuuwekea mashine?"

Nesi akaaga, akijua kwamba mengine ni ya mama na mtoto. Fundi alimwandalia mama yake kiti chenye mto. Bibi alikaa, akatazama chini.

"We mtoto, nakuona ulivyochoka," alisema, sauti imeshuka. "Asubuhi unaamka kama mtu aliyepigwa. Nikienda huko watakuta ugonjwa. Nitakuwa mzigo mwingine juu ya mizigo."

Fundi alikaa sakafuni, kwenye vibaki vya vitambaa, kichwa kwenye goti la mama yake. Alitaka kusema maneno mazuri. Hakuyapata.

"Mama, ukivunjika nyonga hutasimama tena. Nani atakugeuza kitandani? Nani atakuogesha? Ni mimi. Hapo ndipo nitakapochoka kweli. Nionee huruma, twende."

Bibi aliinama kumtazama. Kisha akamgusa kichwa.

"Nywele zako zinataka kusukwa," alisema. "Haya. Tutakwenda."

Hospitali walikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Fundi alisinzia ameshika kadi ya Mama. Daktari alimpima Bibi urefu, akauliza maswali mengi. Hedhi ilikoma mapema? Mama yake alipinda? Aliwahi kumeza dawa kali za pumu kwa muda mrefu? Anavuta sigara? Kisha akaandika Bibi apigwe eksirei ya mgongo, halafu apimwe msongamano wa mifupa, yaani uimara wake.

Kwenye chumba cha kipimo Bibi alisita mlangoni. Alidhani ataingizwa kwenye tundu na kufungiwa. Alikuta kitanda cha wazi na mkono wa mashine uliosimama juu yake.

"Vua kila chenye chuma, Bibi," alisema mpimaji. "Chuma kinaharibu picha."

Bibi akaanza. Alichomoa pini kifuani. Akachomoa sindano kwenye ukosi. Akatoa kastabini mfukoni, ile kofia ya kidole ya washonaji, kisha mkasi mdogo.

"Bibi, umekuja kupimwa au kushona?"

"Vyote viwili. Kifungo chako kinaning'inia. Ningekuwa na uzi, ningekushonea hapa hapa."

Mpimaji alicheka, akamsaidia kulala chali. Akaweka mto mgumu chini ya miguu yake. Mashine ikapita juu ya kiuno na nyonga, taratibu, bila kumgusa. Hapakuwa na sindano wala maumivu. "Miale yake ni hafifu, haifikii ile ya eksirei," alisema mpimaji. "Kaa kimya tu, usitikisike."

"Mara ya mwisho kulala mchana ilikuwa lini," alinong'ona Bibi. "Msiniamshe."

Daktari aliwaonyesha majibu. "Mashine inalinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya. Ukiwa sawa naye, unapata sifuri. Ukishuka chini ya sifuri kidogo, bado ni kawaida. Ukipita moja kwenda chini, mifupa imeanza kupungua. Ukifika mbili na nusu chini ya sifuri, au ukizidi hapo, ni osteoporosisi. Mama yuko tatu chini ya sifuri. Na eksirei inaonyesha pingili mbili zimebonyea."

Fundi akaiona miguu ya mwanawe ikitembea juu ya pingili zile.

"Zitanyooka?" aliuliza.

"Hapana, sitakudanganya. Urefu uliopotea haurudi. Lakini tunaweza kulinda uliobaki."

Akawapa maelekezo. Kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi, tumbo tupu, kwa bilauri nzima ya maji. Akishameza asilale wala asile chochote kwa nusu saa, akae wima au asimame, maana kidonge huunguza koo. Ale maziwa, mboga za majani na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Apate jua, atembee kila siku. Asiinue ndoo. Asipande kiti kufikia rafu. Baada ya mwaka au miwili apimwe tena.

"Na mtu asingoje kuvunjika," aliongeza. "Mwanamke akipita miaka sitini na mitano apimwe. Aliyevunjika kwa anguko dogo apimwe hata kabla ya hapo. Wanaume wazee pia, wasidhani ni ugonjwa wa wanawake tu."

Waliporudi nyumbani, Fundi hakugusa cherehani. Alichukua ufagio, akaondoa vibaki vyote sakafuni, akaweka kikapu chini ya meza. Akakunja mkeka wa sebuleni uliokuwa ukijikunja pembeni. Akashusha vitambaa vya rafu ya juu. Kisha akamsimamisha Bibi kwenye mwimo wa mlango, akachora mstari kwa chaki ya kushonea juu ya kichwa chake.

"Na wewe simama," alisema Bibi.

"Mimi? Nina sare za watu, Mama."

"Simama. Bibi yako alipinda, mimi nimepinda. Unafikiri wewe umetengenezwa kwa kitambaa kingine?"

Fundi akasimama. Ulikuwa muda mrefu hajasimama wima vile, visigino ukutani, mabega nyuma. Mama yake akamchorea mstari wake.

Uchovu haukuisha. Sare hazikupungua, na mgongo wa Bibi siku nyingine uliamka vibaya. Lakini kila asubuhi walitembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, wamekamatana mikono, Bibi akikosoa mishono ya kila aliyepita. Siku ya kidonge alikaa wima kwenye cherehani nusu saa yake, akishona vifungo.

Walipokwenda kupimwa tena, namba haikuwa imeshuka. Mstari wa chaki ulikuwa palepale. Bibi hakuvunjika popote.

Nesi alipopitia sare yake nyingine, alilikuta furushi limefungwa kwa kamba ya dukani, ngumu, inayoumiza vidole.

"Fundi! Yale maua mazuri yako wapi?"

"Yamekwisha, dada," alisema Fundi, bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Gauni la Mama silikati tena."