Mubaraka, Kaangalie Mlango

Jamani majirani, na nyinyi msio majirani, sogeeni niwaeleze yaliyotokea kichochoroni kwetu. Mimi ni Mejumaa, mkaanga viazi karai. Karai langu liko chini ya ngazi za Bi Maleka, kando ya mlango wa nje, hapa Mji wa Kale, na kila kinachopikwa huko juu mimi hukijua kwa pua kabla hakijafika mezani.

Asubuhi za kichochoro chetu zilikuwa raha tupu. Bi Maleka akichoma njugu, watu hupunguza mwendo. Hata wachukuzi wanaotoka Marikiti husimama na mikokoteni yao, wakajifanya wanafunga kamba za viatu. Kashata zake nyembamba, zang'aa, na ukiziuma zasema kap! Akiulizwa siri yake, huangalia kucha zake na kusema, "Ni mkono tu, dada. Ni majaliwa."

Nami nikaamini. Wallahi niliamini.

Mwanawe Aliakbar akaoa msichana wa Tudor, jina lake Mubaraka, mpole, mwepesi wa kucheka. Wiki haikwisha akajifunga leso kiunoni, akaingia jikoni kwa mavyaa wake.

"Mama, nifundishe kashata."

"Karibu, mwanangu. Hili jiko ni lako."

Basi hapo ndipo nilipoanza kumwona kwangu chini. Kila sukari ilipoanza kutokota, Mubaraka alishuka mbio, akausukuma mlango wa nje, akautazama, akapanda tena.

"We Mubaraka, mlango huo una nini?"

"Hauna kitu, Bi Mejumaa. Mama amenituma niangalie kama umefungwa."

"Na mimi ninayekaa hapa kutwa nzima, si komeo la kutosha?"

Alicheka, akapanda. Mwaka mzima mambo yakawa hayo! Ngazi thelathini na mbili kushuka, thelathini na mbili kupanda, na akifika juu, njugu zishatiwa na kashata yatandazwa kwenye sinia.

Alipojaribu kupika peke yake, sukari ilimrudia kuwa mchanga. Kashata ikawa yamomonyoka, hailiki ila kwa kijiko. Bi Maleka hutikisa kichwa mbele za wageni. "Maskini, hana mkono."

Neno dogo hilo, lakini lilizunguka nyumba nzima. Wageni wakalisema. Aliakbar naye akalisema, eti mzaha. Mubaraka akapunguza kucheka, kisha akaacha kabisa. Ikafika hata chai haimimini mbele ya watu, akiogopa itaharibika. Siku moja aliniambia, "Bi Mejumaa, mimi nahisi nina mkosi." Nilimwambia aache upuuzi.

Ikaja arusi ya Mahjabeen, binti wa Bi Maleka. Nyumba ile ina desturi yake: bibi arusi hatoki bila sinia la kashata zilizopikwa jiko lile lile, kupelekwa kwa bwana arusi. Siku nne kabla ya arusi, Bi Maleka akateleza bafuni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akarudi kutoka hospitali amefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Atapika Mubaraka," Aliakbar akasema. Bi Maleka akaitazama plasta yake.

Jumatano wakapika. Bi Maleka alikaa kitini akaamrisha: choma njugu, zisugue, pepeta maganda, tia iliki, paka sinia samli. Yote aliyasema, isipokuwa moja. Kashata zikatoka mchanga mtupu. Bi Maleka akasingizia njugu, eti zimeingia unyevu. Mahjabeen alilitazama sinia lile, akaingia chumbani kulia.

Kesho yake asubuhi Mubaraka alishuka na kikapu cha nguo, akakiweka nyuma ya karai langu.

"Niwekee hapa. Leo napika mara ya mwisho. Zikiharibika tena nakwenda zangu kwetu Tudor. Sitaki kumtilia wifi yangu nuksi arusini kwake."

Hebu fikirini, ndugu zangu. Njugu na sukari, na ndoa ya watu yataka kuvunjika!

Hazikupita dakika nyingi, sauti ikatoka juu. "Mubaraka! Kaangalie mlango!"

Akashuka. Akausukuma mlango, mimi naye tukasimama tukiutazama. Mara tukasikia tap, tap, tap kwenye ngazi. Nusu ya ndimu yaja yenyewe, ngazi kwa ngazi, hadi ikagonga kidole cha mguu cha Mubaraka na kusimama.

Tulitazama juu. Bi Maleka amesimama mlangoni mwa jiko, mkono wa kushoto umelowa maji ya ndimu, macho yamemtoka.

Mubaraka akaiokota. "Mama," akauliza polepole, "hii ndimu ilikuwa yaenda wapi?"

Bi Maleka akanong'ona, "Kwenye sukari."

"Siku zote?"

"Siku zote. Bila ndimu, sukari hurudi mchanga." Akaketi pale pale kwenye ngazi, machozi yakamtoka. "Mavyaa wangu alinituma mlangoni miaka sita, Mubaraka. Miaka sita! Nilijua kwa kuchungulia kwenye ufa wa dirisha. Nikaapa kwamba nisichopewa bure, sitampa mtu bure. Tena niliogopa. Nikikupa hii, mimi nitabaki na nini? Watu watakuja kula kwako, mimi watanipa salamu tu."

Mimi ningekuwa Mubaraka, mtaa mzima ungenisikia. Upawa nilikuwa nao mkononi tayari. Lakini yeye alipiga ukelele, "Mama, sukari itaungua!" akaruka ngazi mbili mbili. Nikamfuata, viazi vyangu nikaviacha na Mungu.

Tuliikuta sukari yatokota, haijageuka rangi. Akaikamulia ndimu. Ikatulia, ikang'aa, ikageuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo maziwa. Akatia njugu, akakoroga, akamimina siniani, akatandaza kwa kifimbo cha kusukumia chapati, akakata ingali moto. Tulingoja ipoe. Akavunja kipande.

Kap!

Mahjabeen alitoka chumbani mbio na nywele zake zina mafuta. Mubaraka alicheka, na kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu lini. Viazi vyangu viliungua vyote, na sikujali hata kidogo.

Kile kikapu, Bi Maleka mwenyewe alishuka kukichukua. Alikipandisha kwa mkono wa kushoto, na akanikataza nisimsaidie.

Siku ya arusi wanawake walikula wakauliza, "Bi Maleka, na plasta hiyo umepikaje?" Akasimama akapaza sauti. "Amepika mkaza mwanangu, Mubaraka. Mkono wake wanishinda mimi! Na mwenye kutaka kujua, ni nusu ndimu kwa kilo ya sukari, ikamuliwe inapoanza kutokota!" Mabibi wakatoa simu zao wakaandika. Tangu siku ile, nyumba ile watu hawapungui jikoni, na Bi Maleka anasalimiwa zaidi kuliko zamani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, uchoyo wa ujuzi unaumiza kama uchoyo wa chakula. Ukimfundisha mwanao au mkaza mwanao nusu ya kazi kisha ukamlaumu kwa kushindwa, umemdhulumu, hata kama wewe ulidhulumiwa hivyo hivyo. Uonevu uliofanyiwa na wakubwa wako si urithi wa kugawa. Fundisha yote, tena mbele ya macho yake.

Na nisije nikawahubiria nyinyi nikajisahau. Chatini yangu ya kuchovea viazi karai, ile mnayoniuliza miaka yote nikasema ni ukwaju tu? Muongo mimi. Huwa naichanganya na embe bichi lililochemshwa na kupondwa. Haya, nimesema, nendeni mkapike.