Boriti Inayotafuna

Usinitolee meno, binti. Umetoka mjini na kamera yako kuja kuandika jinsi nyumba hii ya magogo ilivyookolewa, umeomba historia yake, na nilipotaja tu neno jini ukatabasamu huku ukila mkate wa samaki wa Gleb, mwenyeji wako. Haya, tabasamu. Ila sogea, usikae chini ya boriti hiyo.

Nyumba aliijengesha Fotiy, mtu mwenye ng'ombe wengi na roho ya chawa. Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo, kazi yake kuchota kuvumwani kinamasini, yale manyoya ya kijani tunayoshindilia katikati ya magogo upepo usipite. Siku ya kupandisha boriti kuu, kama ilivyo kwetu, mwenye nyumba alifunga mkate uliojazwa samaki ndani ya koti la manyoya, akauning'iniza kwenye boriti, vikapanda pamoja. Kisha kamba ikakatwa, mafundi wakaketi kula.

Samaki alikuwa ameoza. Sisemi huyu wetu wa kuchachusha, tunayempenda na wageni wakaziba pua. Huyu alioza hasa, na chini ya ganda la mkate walilala funza waliookwa, wamevimba kama punje za shayiri.

Mafundi walitema. Mkuu wao, Yelizar, hakutema. Alitafuna taratibu akimkazia Fotiy macho, akapanda ngazi na shavu limejaa, akalitemea tonge lile kwenye tundu la boriti na kulizibia ndani kwa kigingi.

"Ahsante kwa mlo, mwenye nyumba," akasema. "Na nyumba nayo itawalisha wako vivyo hivyo."

Watoto wa Fotiy wakafa karibu wote, na walikufa wanene, wakati mezani hawakuwa wakigusa kitu. Aliyesalia alihama. Nyumba ikafungwa.

Miaka ikapita, kitukuu wake Gleb akairudia na mkewe Taisya na binti yao mdogo, Lusha. Mchapakazi, sikatai. Aliinua nyumba nzima kwa jeki, akatoa magogo ya chini yaliyooza, akaweka mapya aliyoyachonga kwa shoka. Boriti hakuigusa. Ni ile ile ya mwanzo, alikuwa akisema, na kuipapasa kama shingo ya farasi.

Harufu ilianza kiangazi, na hakuna aliyeshtuka. Kijiji ambacho kila nyumba ina pipa la samaki wa kuchacha, nani atauliza kinachonuka ni nini? Taisya alitoa pipa nje, harufu ikabaki. Maziwa yakawa yanavutika, ukiinua kijiko yanakufuata kama kamasi. Na Lusha akaacha kula. Akaacha kula, akanenepa.

Mama yake alinijia na aproni kiunoni, akanong'ona kama vile boriti ingemsikia hadi kwangu.

"Shangazi, nimemkuta amelala sakafuni, mdomo wazi kama kifaranga. Namuuliza unafanya nini, ananiambia, babu wa juu ananitafunia."

Zamani sote tulitafuniwa. Mama alitafuna mkate, akaufunga kitambaani, mtoto akanyonya. Kwa hiyo nilimwelewa yule mtoto vizuri.

Nilikwenda na Taisya. Lusha alikuwa pale pale sakafuni, mashavu yamefura hata macho yamezama, na juu, ndani ya mti mkavu, ilisikika sauti ya kutafuna, ya polepole, ya mtu mwenye meno machache, ikamung'unya, ikatulia, ikamung'unya tena, kisha pembeni ya kigingi kikachuruzika kitu cha kijivu, kizito, kinachofuka mvuke, kikavutika kuja chini kama gundi na ndani yake miiba ya samaki na zile punje nyeupe, na mtoto akajiburuta kwa mgongo, macho yamefumbwa, mpaka mdomo wake ukawa chini ya kitu kile sawasawa.

Taisya akamvuta mguu. Mtoto akamuuma.

Gleb alikuwa mlangoni, ameona yote. Nikamsimulia ya bibi yangu, nikamwambia aichome. Akasema ndiyo nyumba pekee ya aina yake iliyobaki ukingo huu wote wa mto.

"Basi lile tonge," nikamwambia. "Limepikwa na ukoo wenu, na hakuna wenu aliyelila kwa hiari. Ulile wewe, lisibaki hata chembe."

Akaitazama boriti.

"Usiangalie boriti, Gleb," Taisya akasema. "Mwangalie mtoto."

Akapanda. Aling'oa kigingi kwa koleo, akaingiza vidole, akachota. Tonge lilikuwa bado bichi, na alama za meno ya Yelizar juu yake. Akala. Likamrudi, akaziba mdomo kwa viganja na kulimeza upya, pamoja na yote yaliyokuja nalo.

Lusha akalia, akaomba mkate. Jioni hiyo hiyo mama yake alimpakia kwenye lori la magogo wakaenda zao. Ni mzima sasa, mwembamba kama msumari, anakula mpaka maganda.

Nyumba nayo imepona, umejionea. Gleb anaitunza peke yake na kuwakaribisha wageni. Majuzi nilimuuliza kama anakula vizuri.

"Nakula, shangazi," akanijibu. "Ila siwezi tena kula peke yangu."

Sikiliza jikoni, kunatafunwa. Hiyo siyo boriti, boriti imenyamaza tangu siku ile. Ni yeye, anakuandalia kipande cha pili. Cha kwanza nilikusikia ukikisifu, kwamba samaki ni laini hata huhitaji kutafuna.

Nipe fimbo yangu. Mlango naufunga mwenyewe, joto lisikutoke.