Mgongo wa Bibi na Tairi za Nyuma

Nyumba ya Mama Mapacha huamka kwa mlio wa cherehani. Mama Mapacha ni fundi wa nguo. Anashona sare za shule, na kila kitu anakipima. Mumewe ni mwashi. Wana mabinti wawili pacha, na wanaishi na mama yake Mama Mapacha. Huyo wote wanamwita Bibi.

Bibi anaumwa mgongo. Mara tatu kwa wiki hupelekwa hospitali kufanyishwa mazoezi. Daktari alisema wazi, "Mkimkatizia mazoezi, hatatembea tena."

Ndiyo sababu walinunua gari la viti saba. Gari hilo husukumwa na magurudumu yote manne, kwa hiyo matope hayalitishi. Mapacha waliliita Kiboko. Jina lilimfaa, maana Kiboko alikuwa anakunywa mafuta!

Alhamisi asubuhi Mama Mapacha aliwasha gari. Akashika mdomo.

"Baba Mapacha! Njoo uone maajabu! Taa ya mafuta imewaka!"

"Haiwezekani. Si Jumatatu tu iliwaka, tukatia lita thelathini?"

"Basi zimekwenda wapi? Zimeota mbawa?"

Baba Mapacha alichungulia chini ya gari. Hakuna hata tone. Akakuna kichwa.

"Mke wangu, hapa maji yamezidi unga. Tuliuze. Mama tutampeleka mara moja kwa wiki."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Alisikia. Akatazama miguu yake. Mama Mapacha alimwona, moyo ukampasuka.

"Hakiuzwi kitu hapa," alisema. "Twende kwa Spana kwanza."

Spana ni jirani yao. Ni mwanamke mfupi, mikono myeusi kwa grisi. Ametengeneza magari miaka ishirini.

"Lita moja inawafikisha wapi?" Spana aliuliza.

"Hatujui," alijibu Mama Mapacha.

"Jirani! Kitambaa unakipima hadi nusu inchi, mafuta huyapimi?" Spana aliingiza kichwa dirishani. "Na hiki kipimo cha kilomita za safari, nani hukirudisha sifuri?"

"Mapacha. Kila tukitia mafuta wanagombania kukibonyeza."

"Wamewashinda akili wazazi wao! Kinasoma kilomita mia moja na themanini. Mmetumia lita thelathini. Kwa hiyo lita moja ni kilomita sita."

"Si kawaida ya magari makubwa?" Baba Mapacha aliuliza.

"Magurudumu manne yakisukuma, mafuta huongezeka kidogo, sikatai. Lakini hili lingefika nane. Kuna kitu."

Spana alichuchumaa nyuma ya gari. Akaweka kipimo cha upepo kwenye tairi. Akahamia tairi ya pili. Kisha akapitisha mkono upande wa ndani, akautoa haraka kama aliyeguswa na moto.

"Dada, njoo uone. Shika."

Mama Mapacha aliinama. Ukingo wa tairi ulikuwa umelika. Nyaya nyembamba zilichungulia kwenye mpira kama meno ya panya.

"Upepo uliobaki ni nusu," Spana alisema. "Siku moja mkiwa kwenye kasi, tairi hii ingepasuka. Na wote mmo ndani."

Mama Mapacha alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mapacha. Bibi. Kila safari walikuwa wamekalia kifo.

"Za mbele ni nzima," Spana aliendelea. "Za nyuma tu ndizo zimepunguzwa. Nani kafanya hivi?"

Baba Mapacha akakohoa.

"Mimi."

"Wewe?" Mama Mapacha aliruka. "Wewe, baba watoto?"

"Mama anakaa nyuma. Nilikuwa namwona kwenye kioo, kila shimo anakunja uso. Nikasema, nikipunguza upepo atakaa kama kwenye godoro. Akazidi kukunja uso, nami nikazidi kupunguza."

"Huruma yako, shemeji, ingewazika wote," Spana alisema. "Tairi ikilegea, injini hutumia nguvu nyingi kuisukuma. Nguvu ni mafuta. Na gari hili magurudumu yote hufanya kazi pamoja. Dada, ukishona vitambaa viwili, kimoja ukakivuta na kingine ukakiachia, inakuwaje?"

"Mshono unajikunja. Uzi unakatika."

"Ndiyo hayo. Za mbele na za nyuma zikizunguka tofauti, vyuma vya chini vinavutana na kuchemka. Vikifa hivyo, bei yake utalia. Kwa hiyo tairi zote nne zifanane. Upepo fuateni namba za kibandiko hiki cha mlangoni, si huruma."

Alitazama juu ya paa la gari. "Na keria hii tupu ya nini? Gari likikimbia inapingana na upepo, inakula mafuta. Na mkimsubiri Bibi hospitalini, injini mnazima?"

"Hapana. Tunasikiliza redio."

"Kumbe mnachoma petroli kusikiliza matangazo ya sabuni!"

Bei ya tairi nne ilimrudisha Mama Mapacha chini mara ya pili. Lakini waliuza keria, wakaongezea malipo ya sare, zikapatikana.

Jioni walimsimulia Bibi. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Jamani, mkwe wangu! Gari lilikuwa linayumba kama mlevi. Kila safari nilitaka kutapika. Ndiyo maana nilizidi kukunja uso!"

Baba Mapacha alimgeukia. "Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mwanangu? Nilijua unanihurumia, sikutaka uone sina shukrani. Nipe mto tu, na unikalishe mbele."

Taa ya mafuta ilipowaka tena, kipimo cha safari kilisoma kilomita mia mbili na arobaini na tano. Lita zilikuwa zilezile thelathini. Mama Mapacha aliwaita mapacha wasome tena, maana hakuyaamini macho yake.

Hakuna aliyetaja tena kuuza gari. Bibi hakukosa hata siku moja hospitalini. Siku hizi, kila Jumapili asubuhi, tairi zikiwa bado baridi kama alivyoagiza Spana, Baba Mapacha huchukua kipimo cha upepo. Anayemsomea namba ni Bibi. Huzunguka gari lote, tairi moja baada ya nyingine, kwa miguu yake mwenyewe.